Karatasi Iliyojaa Ndiyo

6 Februari

Mke mwenzangu,

Salamu nyingi, na kama zimekufikia zimepoa, zipashe moto mwenyewe. Sisi wazima. Mjomba wako yuko barabarani na lori lake, tangu mwaka uanze amerudi mara moja, akala, akalala, akaondoka, hata sikumaliza kumgombeza. Mkewe yupo. Tunaishi. Mkwe na mama mkwe wakikaa jiko moja bila kurushiana mwiko ni jambo la kushukuru. Mama yako ameleta barua ya mistari minne, yule ni mchoyo wa maneno tangu tumboni. Bati la jikoni linavuja palepale. Anayeandika ni jirani yangu fundi cherehani, yule mliyekuwa mkimwita Mama Vifungo, sasa hivi ana pini mdomoni kwa hiyo hawezi kunibishia. Usinipigie simu. Simu haina subira, ndiyo kwanza nakaribia maneno yenyewe, salio limekwisha.

Barua yako imesomwa mara mbili. Mara ya kwanza na mkwe, anasoma kama anakimbizwa na mbwa, mara ya pili na fundi. Kwa hiyo siku hizi hutibu tena, unafundisha watakaotibu. Hongera. Babu yako angekuwepo angekwenda kutangaza kwa kinyozi.

Lakini nimesikia unalalamika. Umesema unawatoa wanafunzi darasani unawapeleka mitaani, kila mmoja ana nyumba zake tatu za kutembelea, na wanarudi na fomu zimejaa ndiyo. Maji yanachemshwa, ndiyo. Mtoto analala ndani ya chandarua, ndiyo. Mwezi unaofuata watoto wa nyumba hizohizo wanaharisha na wana homa. Umeniuliza mimi, ambaye hata jina langu likiandikwa ukutani nitalipita kama sijui ni la nani, kwa nini watu wanawadanganya wanafunzi wako.

Hawadanganyi, mjukuu wangu. Wanajibu.

Huku tunaye nesi wa kituo cha afya, anapita nyumba kwa nyumba, binti mzuri, ana adabu. Alikuja wiki iliyopita. Akasimama mlangoni, kalamu juu. "Bibi, maji ya kunywa mnachemsha?" Nikamtazama viatu, vimejaa vumbi, na ana nyumba nyingine sita mbele. Nikasema ndiyo. "Choo kina mfuniko?" Ndiyo. Mkwe nyuma yangu anacheka mpaka akaingia ndani. "Dawa unakunywa?" Ndiyo. Akasema, "Asante bibi, wewe ni mfano kwa mtaa mzima," akaenda zake, na mimi nikaingia ndani nikiwa mfano.

Ningesema hapana angeuliza kwa nini. Na kwa nini haikai kwenye karatasi ile, niliiona mimi, kile kisanduku hata punje ya mchele haienei. Nilimhurumia. Ndiyo hiyo huruma inayojaza karatasi zako.

Utakuja lini?

Alama ya kidole ni yangu. Ya mafuta pia ni yangu.

Bibi yako


2 Machi

Bibi, shikamoo.

Natumaini wote hamjambo, mjomba, mkewe, na Mama Vifungo ambaye namshukuru kwa mwandiko wake. Mimi sijambo, ila sauti imekauka kwa kusema kutwa.

Barua yako niliwasomea wanafunzi ile sehemu ya nesi na viatu vya vumbi. Walicheka sana. Kisha mmoja akaacha kucheka, wa pili akaacha, darasa zima likaanza kupekua fomu zake, kwa sababu kila mmoja alikumbuka nyumba zake tatu.

Nikueleze shida yangu ilipo. Hapa chuoni kuna mwalimu mwenzangu anayefundishia mwanasesere. Ni mkubwa kama mtu, wa mpira, amelazwa kitandani darasani, ana mishipa ya kuchomwa sindano. Habishi, hadanganyi, hana mama mkwe. Wanafunzi wa mwalimu yule wanafaulu. Wangu wanatembea mitaa mizima wanarudi na ndiyo. Mkuu wa chuo amenipa mpaka mwisho wa muhula. Nikishindwa kuonyesha kwamba njia ya nyumba kwa nyumba inafundisha kitu, warudi wote kwa mwanasesere.

Sasa bibi, wewe umeulizwa maswali maisha yako yote. Niambie muuguzi aingieje na aulize nini, ili usimhurumie.

Na wewe mwenyewe, afya yako njema? Dawa za sukari unakunywa? Nitakuja, Mungu akijalia.

Mke mwenzio


25 Machi

Mke mwenzangu,

Tumepokea. Mkwe anakusalimu, amekata nywele, anadai ni joto lakini namwona anavyopita mbele ya kioo. Mjomba wako ameleta galoni tatu tupu kutoka safari, sijui za nini, amesema zitafaa. Hivyo ndivyo wanaume wanavyotuletea zawadi, kitu kitakachofaa.

Huyo mwanasesere nimemcheka mpaka nikakohoa. Nimemwambia Mama Vifungo, kumbe kuna mgonjwa asiyejibu na bado watu wanafaulu kwake.

Haya. Wafundishe kukaa. Mtu aliyesimama mlangoni ni polisi au ni mwenye nyumba, na hao wawili wanajulikana wanavyojibiwa. Akipewa kigoda akae kwenye kigoda, akipewa ndoo iliyopinduliwa akae kwenye ndoo, asipanguse kwanza. Wewe ulikuwa unapangusa ukiwa mdogo, nilikufinya kwa ajili hiyo. Karatasi ibaki mkobani. Ukinichomolea kalamu nakuwa shahidi mahakamani, nachunga kila neno. Aandike akishafika nje. Akisahau kitu, ndicho hicho kilikuwa hakina maana.

Halafu aombe kazi. Aseme, bibi, naona unachambua mboga, nipe na mimi. Mikono miwili ikishaingia ungo mmoja, mdomo unasahau kujilinda. Nimejua siri za mtaa huu wote kwenye ungo, sijawahi kumuuliza mtu swali.

Na asiniulize nafanyaga nini. Ninachotakiwa kufanya nakijua, kila mtu anakijua, kimebandikwa ukutani pale kituoni pamoja na picha. Aniulize ya jana. Bibi, jana ulipoamka ulianza na nini? Jana ni fupi, haina nafasi ya kupamba. Nitasimulia nimewasha moto, nimechota maji pipani nikanywa, na hapo tayari amejua sikuchemsha, na wala hajanitia aibu.

Mama Vifungo anasema wino unakwisha. Haujaisha, amechoka tu.

Nikuchekeshe. Juzi nimekuwa kituko. Nilikwenda kwake kuchukua gauni, narudi, nafika mlangoni mkwe ananiuliza, "Mama, kiatu cha pili kiko wapi?" Natazama chini, mguu wa kushoto mtupu. Kandambili imechomoka njiani, nimekanyaga kokoto za ile barabara inayotengenezwa kutoka kwa fundi mpaka nyumbani, wala sina habari. Kinyozi ndiye aliyeiokota, kaitundika kwenye msumari mlangoni, kila anayekwenda kunyolewa anauliza ni ya nani. Uzee huu, mjukuu wangu, unaanza kumsahaulisha mtu hata miguu. Na joto la mwaka huu si mchezo, jagi la maji sasa naliweka kando ya kitanda, likifika asubuhi ni tupu.

Umeuliza dawa. Ndiyo.

Umesema utakuja Mungu akijalia. Mungu amejalia siku nyingi, ni wewe hujapanda basi.

Bibi yako


22 Aprili

Mke mwenzangu,

Salamu. Barua hujajibu, na badala yake umepiga simu kwa fundi mara tatu. Mara tatu nimesema mwambieni nimelala. Mtu mzima anayelala saa nne asubuhi, saa nane na saa kumi na moja si mtu, ni paka, lakini ndivyo nilivyosema. Kuna haraka gani? Wazima hawatafutwi mara tatu.

Leo fundi amekuja kuandikia hapa kwangu. Sitoki sana, jua ni kali.

Galoni moja kati ya zile tatu imefaa. Tumeiweka chini ya bati linalovuja.

Bibi yako

Na mimi fundi nakusalimu. Mimi naandika ninayoambiwa.


27 Aprili

Bibi, shikamoo.

Mjomba nimeongea naye, yuko njiani, ni mzima. Mimi pia. Samahani kwa kuchelewa. Barua yako ya Machi nilianza kukujibu mara nne nikachana.

Nimefanya jambo ambalo litakuudhi, afadhali ulisikie kwangu. Yale uliyosema ya kukaa, ya ungo na ya jana, niliyafundisha wiki mbili, yakaenda vizuri mno. Wanafunzi wakarudi na habari badala ya ndiyo. Nikafurahi, nikataka kuwajaribu. Nikawasomea vipande vya barua yako ya Machi, vile vya siku zako, neno kwa neno. Nikawaambia, huyu ni mama mmoja mwenye sukari anasimulia siku zake, semeni mmesikia nini. Nilidhani watataja pipa la maji.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja mtu mzima, zamani alikuwa mpishi wa shule. Akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, huyu mama hasikii mguu wake wa kushoto. Kokoto zote zile. Na anamaliza jagi zima usiku. Dawa hanywi huyu."

Nikasema, "Lakini ameulizwa, amejibu anakunywa."

Akaniuliza, "Aliulizwaje?"

Bibi, nilikuwa na nakala ya swali langu mkononi. Afya yako njema, dawa unakunywa. Nikikumbuka, hilohilo nimekuuliza katika kila barua, miaka miwili hii. Mimi ninayewafundisha wenzangu kukaa nimesimama mlangoni kwako nikiwa na kalamu. Niliwaambia barua ni ya bibi yangu. Yule mpishi akanisogezea kiti.

Ndipo nikapiga simu, na wewe ukalala.

Sikuulizi tena dawa. Naomba unisimulie jana. Chukua muda, mwambie Mama Vifungo nitamletea karatasi zaidi na wino. Na ukifika miguuni, usiruke.

Mke mwenzio


8 Mei

Wewe,

Sikusalimu kwanza. Nitakusalimu mwishoni kama hasira imeshuka.

Umenisoma mbele ya watu arobaini. Kandambili yangu. Jagi langu. Mimi nilikuwa nakuandikia wewe, maneno ya bibi na mjukuu wake, nikajiona nachekesha, kumbe nimelazwa kitandani darasani kama huyo wa mpira. Siku nzima nilimpa kila mtu mgongo. Mkwe akadhani yeye ndiye amekosea, akaosha sufuria zote.

Lakini huyo mpishi ana masikio.

Haya, jana. Jana niliamka kabla jogoo hajakohoa. Nikakaa kitandani. Nikafungua kitambaa mguuni. Mama Vifungo ameacha kuandika, ananitazama. Andika, mama, andika, ndivyo mjukuu alivyoomba. Na wewe fundi, vile vitambaa vya mabaki ninavyokuomba nikisema nashona mto, hakuna mto.

Kuna kidonda, chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kimeanza siku ileile ya kokoto. Hakiumi hata kidogo, ndiyo maana nilikidharau, nikasema kidonda kisicholia kitalala chenyewe. Hakijalala. Sasa kina rangi nisiyoipenda, na mkwe juzi ameuliza kama kuna panya amekufa chini ya kitanda. Nikasema labda.

Nikakiosha na maji ya chumvi, nikafunga. Nikanywa chai. Dawa sikunywa. Tangu mwaka jana sinywi. Zilinikoroga tumbo, nilikuwa nakwenda chooni mpaka nyasi za njia ile zimekufa. Nilizirudisha kwenye kopo, ziko juu ya kabati, kopo la nne hilo. Yule binti wa kituo hunipa nyingine kila mwezi, mimi napokea, si nimesema ndiyo.

Sasa utauliza kwa nini sikwenda. Dada yangu mkubwa hukumkuta. Aliingia hospitali kwa kidole, akatoka hana mguu kuanzia gotini. Hakuna aliyemweleza kitu, aliamka akapapasa shuka. Aliishi miaka mitatu akiwa kwenye kiti pembeni ya dirisha, na ulimi wake, uliokuwa mkali kuliko wote katika ukoo mzima, ukakauka. Mimi naogopa. Nimeshasema, usinirudishe tena hapo.

Hilo ni moja. La pili nilikuwa nakuficha wewe, si nesi. Nikikwambia naumwa, utakuja kwa sababu naumwa. Mwalimu atakuja, na mkoba wake. Nilitaka siku moja uje kwa sababu umenikumbuka, ukae, tuseme upuuzi, uondoke. Nikangoja, nikasema kabla sijaumwa sana atakuja.

Sasa salamu. Hujambo.

Bibi yako


13 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Barua hii anakuletea mjomba mwenyewe, nimemdaka njiani kwa simu akapitia hapa na lori. Nimemwambia akusomee, na asimalize kusoma kabla hujapanda naye. Najua hapo umemtazama kwa jicho lile. Panda, bibi. Kituo cha afya, leo, usingoje nifike. Kidonda kama hicho hakingoji basi.

Mimi napanda Ijumaa.

Siwezi kukuahidi kuhusu kidole. Nikikuahidi nitakuwa nakujibu tu. Ninachokuahidi ni kwamba hakuna mtu atakayegusa mguu wako kabla hajaketi mbele yako akakueleza anataka kufanya nini na kwa nini, nawe ukakubali. Nimeongea na yule binti wa kituo. Analia, anasema alikutembelea mara ishirini. Usimkaripie. Sisi wote tulikutembelea.

La pili ulilosema ni kweli. Miaka miwili bila kuja si michache. Ijumaa.

Mke mwenzio


29 Juni

Mke mwenzangu,

Salamu za hapa zote unazo, umeondoka mwezi uliopita tu, hakuna jipya ila mkwe ana mimba na mjomba wako anatembea kama yeye ndiye atakayejifungua. Ameleta galoni nyingine mbili.

Mguu unaendelea vizuri. Kidole kimoja kimekwenda, vinne vimebaki, na mguu wenyewe uko pale ulipokuwa, nimeuhesabu mara nyingi. Yule daktari aliketi kweli kama ulivyoahidi, tena kwenye kitanda changu, akachora mguu kwenye karatasi, akanionyesha mahali atakapokata. Nikamuuliza mara tano ni hapo tu, akaniambia mara tano ni hapo tu. Dada yangu hakupata mara moja. Dawa nakunywa baada ya chakula, si kabla, kumbe hilo tu. Mwaka mzima nimekaa bila dawa kwa kosa la saa, na kwenye fomu hakuna kisanduku cha saa.

Binti wa kituo siku hizi akija anakuta nimeshamwekea kigoda. Jana amechambua fungu zima la mboga, vibaya, ameacha mabua. Lakini amejua kwamba mume wa Mama Vifungo anakohoa wiki ya sita, jambo ambalo Mama Vifungo amelifunga mdomoni pamoja na pini zake. Ameliandika hili bila kunibishia, kwa hiyo jua ni kweli. Mzee atapelekwa kupimwa Jumatatu.

Zile siku tisa ulizokaa bado ninazo. Ulilala mgongoni mwangu kama zamani, na bado unapiga mateke.

Sasa barua yako ya juzi. Ukurasa wa kwanza ni mvua. Ukurasa wa pili ni salamu za wanafunzi, mmoja mmoja, na yule mpishi mara mbili. Wa tatu unasema chumba ulichohamia kina dirisha zuri linalotazama bustani. Nimemwambia Mama Vifungo arudie hapo. Nyumba uliyokuwa unakaa ilikuwa ya chuo. Mtu haihami nyumba ya chuo kwa ajili ya dirisha. Na uliondoka kuja kwangu wiki ya mitihani, na yule mkuu wako mwenye muhula wake hayumo kwenye barua hata kwa herufi moja, na hao wanafunzi wamenitumia salamu mmoja mmoja, kama watu waliokuja kukuaga.

Wamekutoa, au umetoka? Usinihurumie. Mimi nilikuficha mguu mwezi na nusu, unaona kuficha kulivyoniponza. Vitanda hapa viwili, kimoja hakina mtu. Na binti wa kituo kila akija anauliza kama yule mwalimu anarudi, kuna wenzake saba wanaopita nyumba nyingine ambao bado wanasimama mlangoni.

Lakini hayo baadaye. Kwanza nieleze wamekufanyia nini, pole pole, hata kama ni karatasi kumi. Nimekaa.

Bibi yako